Sahani ya Majani Matatu

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepata! Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, stoo ya ukumbi, naandika mpaka herufi zinapandana. Si uchovu. Ni akili nyingi kwa wakati mmoja!

Kwanza hali ilivyo. Kundi langu la mazoezi ya asubuhi limebaki na watu kumi na mmoja. Mwezi jana walikuwa kumi na watano. Wanne wamehamia kwa Kiuno, yule mwalimu wa mazoezi ya muziki anayekuja jioni na spika kubwa kuliko yeye mwenyewe. Na leo Mama Funguo, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, kanisimamisha mlangoni, funguo zote zinalia kiunoni, akasema kanuni ni kanuni. Kundi lisilofika watu kumi halipewi ukumbi saa ya asubuhi. Atakuja kuhesabu vichwa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Wakipungua kumi, saa yangu anapewa Kiuno. Miaka sita nimefundisha humu! Pale mbele ninaposimama, rangi ya sakafu imelika kwa viatu vyangu.

Sasa akili. Kwa nini watu wanaondoka? Hawaoni matokeo. Kwa nini hawaoni? Mdomo! Mazoezi ni saa moja, mdomo una saa ishirini na tatu. Mimi nawatoa jasho, wao wanakwenda kulirudisha na riba. Kuanzia kesho kila mteja apige picha sahani yake ya mchana kabla hajatia kijiko, aitume kwenye kundi letu la simu kabla ya saa nane. Asiyetuma, pushapu hamsini. Nimeuita Mpango wa Jicho.

Nimemsimulia mke wangu. Yeye anajalidi vitabu vya maofisi hapa nyumbani, kwenye meza ya jikoni, gundi mpaka kwenye nyusi. Akasema mtu mzima hapendi kuchunguliwa sahani. Kisha akauliza lini nitautia mafuta mlango wa jikoni, maana unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikamjibu mlango unaweza kusubiri, afya za watu haziwezi.

Jumanne, 2 Septemba

Mwanzo mgumu. Lakini mwanzo!

Picha zilizokuja ni nne. Ya Fundi Bomba ilikuwa kidole gumba chake, chote, kimeenea kwenye kioo. Daktari wa Meno katuma sahani tupu, eti alisahau akala kwanza. Mwoka Keki, yule mama mwenye duka la keki pale kona, katuma saladi nzuri ajabu, ila nyuma ya saladi kuna bibi harusi anakata keki. Ya nne ilikuwa chai.

Wengine saba, kimya. Nikawaandikia kwamba nawapenda ndiyo maana nawabana. Hapo ndipo Daktari wa Meno akaleta ujumbe mrefu kama barua ya mahakama. Kwamba ana miaka hamsini na mbili. Kwamba mama yake mzazi alishafariki, na hakumwachia mtu yeyote wasia wa kumuuliza amekula nini. Watu sita wakaweka alama ya dole gumba chini ya ujumbe. Nimewahesabu. Nimewaandika majina nyuma ya daftari hili.

Mke wangu aliposikia akasema mtu ukimbana sana anatafuta dirisha. Nikamwambia aniachie taaluma yangu, nami nitamwachia gundi yake.

Jumatano, 3 Septemba

Jana sikukosea mpango. Nilikosea walinzi! Jicho langu ni moja, sahani ni kumi na moja. Basi kila mteja awe na mlinzi wake, mteja mwenzake, wa kumpigia simu mchana na kuhakikisha. Lakini ukimpa mtu rafiki yake amlinde, watafichiana. Rafiki ni pazia. Dawa ni adui! Wahenga hawakusema bure adui mwombee njaa.

Nimewapanga kwa chuki. Daktari wa Meno nimempa yule bwana ambaye yeye alimng'oa jino zima akaacha bovu. Na kazi yangu bora kuliko zote: Mwoka Keki nimempa wifi yake, Karani wa Benki! Karani kaolewa na kaka wa Mwoka Keki. Hawajasemezana tangu siku ya harusi ile, maana keki aliyooka wifi mtu iliinama upande, na bibi harusi akasema mbele ya wageni kwamba hata keki imechoka na ukoo huu. Miaka minne! Ukumbini mmoja anasimama mwisho wa kulia, mwingine mwisho wa kushoto. Nikisema geukeni, wanageuka nusu tu.

Nani atamficha wifi yake? Hayupo duniani.

Fundi Bomba kabaki peke yake kwa sababu idadi haigawanyiki. Nimemwambia ajilinde mwenyewe. Ni mtu mwaminifu, akila biskuti uso wote unakiri.

Nimelala mchana nusu saa kwa furaha.

Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi, msiba. Mchana, muujiza! Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tumejilaza kwa viwiko, miili imenyooka kama mbao, kimya kabisa. Karani akamuuliza wifi yake, kwa sauti ya dirisha la benki, kama zile siagi alizonunua jana zilikuwa za kupaka mlango. Mwoka Keki akajibu bila kuinuka kwamba afadhali anayenunua siagi kuliko anayemlisha kaka wa mtu supu ya paketi. Watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja kwa kucheka. Mwoka Keki akasimama, akasema yeye basi, mchana atapita nyumbani kwangu kurudisha kadi ya kundi. Karani naye akasema kama ni hivyo yeye abaki kumlinda nani?

Kumi na mmoja kutoa wawili ni tisa. Tisa! Nimeshinda asubuhi nzima kwenye ile shule ninayofundisha watoto michezo, nahesabu vidole. Kila nikihesabu, tisa.

Halafu saa saba na dakika ishirini simu ikalia. Picha! Kutoka kwa Mwoka Keki! Na sahani gani hiyo: kuku wa kuchemsha, maharage, karoti zimekatwa mviringo mmoja, mboga za majani, na kipande cha parachichi kimekaa ukingoni kama mlinzi wa geti. Hata sahani yenyewe nzuri, imechorwa majani matatu ya kijani kama zetu. Ana ladha yule mama.

Nimefika nyumbani mbio. Mke wangu kasema ni kweli alipita na kadi, hakunikuta, wakazungumza kidogo, akaondoka na kadi yake. Mpango wa Jicho unafanya kazi!

Ijumaa, 5 Septemba

Leo picha mbili. Wifi na wifi! Sahani zote mbili safi, kuku, maharage, karoti mviringo. Za majani zote mbili. Naona sahani za majani ndizo ziko kwenye fasheni sasa. Zetu sita tulipewa na shangazi siku ya harusi; shangazi alikuwa mtu wa kuona mbele.

Na nimewaona kwa macho yangu! Natoka shuleni saa nane, nawakuta kwenye kona ya mtaa wetu, Mwoka Keki na Karani, wameshikana mikono, wanacheka mpaka mmoja kaegemea ukuta. Wameniona wakanyamaza, wakanisalimia kwa heshima kubwa, shikamoo mbili kwa pamoja, mimi ambaye ni mdogo kwao. Miaka minne ya ugomvi nimeimaliza kwa picha ya maharage. Watu husomea vyuo vikuu upatanishi!

Dosari moja tu. Chakula changu cha jioni kilikuwa kimepoa. Kimepashwa moto upya, unajua tu. Nikamwambia mke wangu utafikiri kilikuwa kwenye maonyesho mchana kutwa. Akakohoa sana. Gundi ile itamwua.

Jumatatu, 8 Septemba

Kumi na moja! Picha kumi na moja! Kabla ya saa nane! Nimezipanga kwenye simu, nimezitazama nikiwa kwenye foleni, nikapitwa na zamu yangu, sikujali.

Ajabu ya nidhamu: wote wamekula kuku, maharage, karoti. Vitambaa vya meza tu ndivyo tofauti, kimoja cha maua, kimoja cha mistari, Fundi Bomba gazeti. Nilitaka wale vizuri, wamekula kama jeshi.

Na faida nyingine sikuitarajia kabisa. Lishe inaamsha kiu ya elimu! Leo nimewahi kutoka shuleni, nikamkuta Daktari wa Meno anatoka getini kwangu na kitabu kwapani. Akababaika kidogo, akasema ameleta kitabu kijalidiwe. Mke wangu akasema leo amepata wateja wengi wa vitabu, karibu wote ni wa kundi langu. Nimemkumbusha nani anamletea wateja hao. Akasema anajua, anajua sana.

Mezani kulikuwa na makombo ya keki. Akasema ni ya mteja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanzisha zawadi! Sahani ya Siku. Mshindi wa kwanza ni Karani wa Benki. Nimeandika kwenye kundi maneno ishirini ya sifa, wote wakaleta vicheko na makofi. Furaha ilioje ndani ya kundi hili!

Jioni nikamwonyesha mke wangu picha ile, kwa nia njema kabisa, ili ajifunze. Nikamwambia atazame rangi. Atazame karoti zilivyokatwa kwa upendo. Aliyepika hii, nikamwambia, mkono wake umebarikiwa, na mumewe ana bahati kama anajua. Akaitazama sana. Akauliza kama kweli ni nzuri hivyo. Nikasema sijaona mfano wake. Akaniomba nirudie ile sehemu ya mume. Nikarudia. Akatoka nje uani, mlango ukalia, nikamsikia anacheka au analia, sikuelewa. Wivu labda. Nikajilaumu kidogo.

Akarudi akaniandalia. Kuku, maharage, karoti. Nikala, nikamwambia kwa upole kwamba chumvi imezidi, na hili parachichi kila siku anabandika ukingoni kwa nini, kama mtu anayetaka kuruka? Akasema ndivyo sahani inavyotaka.

Jumatano, 10 Septemba

Leo tumepima uzito. Nimewapanga kwenye mizani nikiwa na kalamu mbili, moja ya akiba, kwa jinsi nilivyotarajia.

Mwoka Keki kaongezeka kilo moja. Karani moja na nusu. Daktari wa Meno moja. Fundi Bomba mbili na robo, na alivua mkanda.

Nilishtuka, sitaficha. Halafu nikaelewa, nikapiga kelele ya furaha mpaka mizani ikatikisika. Misuli! Misuli ni mizito kuliko mafuta! Nikawatangazia. Wakatazamana, kisha wakapiga makofi, Fundi Bomba akibana mdomo kama mwenye kipande cha keki ndani.

Kiuno alikuwa kachungulia dirishani. Akaniuliza siri yangu ni nini, mbona watu wangu siku hizi wanakuja wanacheka. Nikamwambia jicho. Akasema yeye Jumamosi atafika mapema na spika yake, aiweke karibu na mlango, ili Mama Funguo asipate tabu ya kumtafuta. Jeuri! Nimemwambia akija na spika aje na machela pia, ya kumrudishia.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika kwa hasira. Karatasi imetoboka hapo juu, ni hasira hiyo.

Saa saba na nusu picha ya Fundi Bomba ikaja. Kuku, maharage, karoti. Lakini parachichi hakuna! Mahali pa parachichi, ukingoni, nikaona sahani imebanduka kipande, kama kucha iliyokatwa vibaya, katikati ya jani la tatu.

Naujua mbanduko ule! Niliufanya mimi! Mwezi wa nane, niliponyanyua chuma cha mazoezi jikoni kikaniponyoka. Mke wangu alininunia siku tatu. Katika dunia nzima hakuna jani lingine lenye jeraha lile.

Basi nikaunganisha. Jumanne Fundi Bomba alikuja kwetu kuzibua sinki. Mchana huu kala kwenye sahani yetu ya harusi. Kaiba! Mtu mwaminifu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaondoka shuleni mbio, mke wangu hayupo, kapeleka vitabu ofisini. Nikafungua kabati. Nikahesabu sahani za majani. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tano! Nimehesabu mara nne. Juu ya jiko kulikuwa na kitu kimefunikwa na sufuria, sikuwa na muda wa kufunua vyakula.

Sitamwambia mke wangu. Kesho nitamrudishia sahani yake mbele ya watu, na ataniona mimi ni nani. Nitamfichua Fundi Bomba mbele ya Mama Funguo, ili ajue kundi hili lina maadili.

Jioni nimekula kwa hasira, hata sikutazama nakula juu ya nini.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote. Hata yasiyonipendeza.

Saa kumi na mbili asubuhi. Wote kumi na mmoja mstarini, wameoga, wanang'aa. Mama Funguo mlangoni na daftari. Kiuno nyuma yake amekalia spika, miguu inaning'inia. Kilichotakiwa ni mimi ninyamaze. Dakika mbili tu! Angehesabu, angeandika kumi na mmoja, angeondoka.

Nikapiga hatua mbele. Nikasema kabla ya kuhesabu vichwa tuhesabu tabia. Nikainua simu yangu juu na picha ile, nikasema humu ndani yumo mtu anayekula mchana kwenye sahani ya wizi. Nikamwonyesha Fundi Bomba kwa kidole.

Yule bwana ni mkubwa, lakini alisinyaa palepale. Akasema, "Kocha, mimi mwizi?" Sauti ndogo, si ya kifua kile. Akatazama wenzake, wote wakatazama sakafu. Akachukua viatu vyake mkononi akatoka na soksi. Daktari wa Meno akasema yeye hakai mahali mtu mzima anapovuliwa nguo namna hii. Naye akatoka.

Mama Funguo akahesabu kwa kalamu, taratibu. Tisa. Akanitazama bila furaha, lazima niseme hilo, hakufurahi. Akasema kanuni ni kanuni. Nikasikia spika inaburuzwa. Kiuno alikuwa keshaingiza nusu yake mlangoni.

Nikatazama ile alama yangu sakafuni, nikafikiri kesho atasimama mwingine hapo na muziki wake. Nilitaka kulia, na pengine nililia kidogo.

Kumbe Mwoka Keki alikuwa keshapiga simu. Spika ikakwama mlangoni kwa sababu kuna mtu alitaka kupita, na huyo mtu alikuwa mke wangu. Aproni ya gundi, kandambili, na mkononi sahani ya majani matatu imefunikwa kitambaa. Nyuma yake Fundi Bomba na Daktari, amewakuta njiani, wamesimama nje kwenye ngazi hawataki kuingia.

Akaiweka sahani juu ya spika ya Kiuno. Akasema sahani ni yake, haijaibwa, haijatoka jikoni kwake ila leo. Akasema siku ile Mwoka Keki alipoleta kadi alikuwa analia, na chakula changu cha jioni kilikuwa mezani keshakipakua, basi akamwambia, dada, piga picha hii utume, usimpotezee mume wangu ukumbi. Kesho yake akaja na wifi yake. Jumatatu wakaja wengine. Kila mmoja kitambaa chake, kila mmoja kitabu cha kisingizio. Sahani moja, picha kumi na moja, kisha wanakaa kula keki, kisha jioni nakula mimi. Parachichi liliwekwa pale kuficha mbanduko. Jana Fundi Bomba alishindwa kujizuia, akalila kabla ya picha.

Fundi Bomba akasema kutoka kwenye ngazi, "Shemeji, nisamehe, lilikuwa limeiva."

Niliona aibu, aibu ya kweli, masikio yaliwaka moto. Nikakumbuka chumvi imezidi. Nikakumbuka mkono uliobarikiwa, na mume mwenye bahati kama anajua.

Mke wangu hakunitazama. Alivua kandambili, akaenda akasimama mstarini, katikati ya mawifi wawili, akamwambia Mama Funguo ahesabu tena. Kiuno akapinga, akasema huyo si mteja, hana kadi. Mama Funguo akafungua daftari lake la kanuni, akalisoma kwa kidole. Akasema kanuni inasema vichwa, haisemi kadi. Akahesabu. Kumi! Kumi kamili!

Nilimwomba Fundi Bomba msamaha kwenye ngazi, mbele ya wote, nimemshika mikono miwili. Akasema yameisha, ila yale makofi ya misuli yalimsumbua sana rohoni. Kisha wote wakaingia, tukafanya mazoezi kumi na wawili. Mke wangu alichuchumaa mara ishirini bila kupumzika. Sikujua kama anaweza.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekula kiapo: hakuna picha tena! Picha zimekwisha. Mke wangu naye ameapa hatampikia mtu yeyote sahani ya picha tena. Tumepeana mikono juu ya meza ya gundi, ikachukua muda kuachana.

Nimemshukuru. Nimesema wazi, bila yeye nisingekuwa na ukumbi. Akasema anajua kwamba mimi bila ukumbi ningeshinda jikoni, na jikoni hapatoshi. Nadhani ulikuwa utani. Nikaahidi mlango utapata mafuta leo hii.

Nilikuwa naelekea kuchukua mafuta nilipopata wazo.

Kosa langu lilikuwa nini? Si kuwachunguza watu. Kosa lilikuwa picha! Sahani moja wanaweza kuipiga picha kumi na moja. Lakini meno? Kila mtu ana yake! Kuanzia kesho kila mteja arekodi sauti yake akitafuna karoti mbichi mchana, mara thelathini kila tonge, anitumie. Sauti haiazimwi!

Nilitegemea mke wangu apinge. Hakupinga. Aliuliza kama karoti ya aina yoyote inafaa, akasema mpango mzuri, awaambie wenzake mwenyewe? Hii ndiyo faida ya kuwa mteja.

Jumatano, 17 Septemba

Ushindi! Ushindi wa kweli safari hii, wa halali!

Siku tatu mfululizo, sauti kumi na moja kila siku, zote kabla ya saa nane. Nimezisikiliza moja baada ya nyingine nimefumba macho. Wanatafuna mara thelathini kamili, hakuna aliyepunguza hata moja. Na mwendo mmoja! Mwoka Keki, Karani, Daktari wa Meno, Fundi Bomba, ukiwasikia hutajua nani ni nani. Kundi limekuwa mwili mmoja. Mama Funguo kaniambia Kiuno ameacha kuulizia saa yangu.

Mke wangu kanunua karoti kilo tatu. Kasema ni nzuri kwa macho ya mjalidi. Jioni taya zinamuuma, hataki kuzungumza, namwekea kitambaa cha maji moto. Gundi tu hiyo, nilishamwambia.

Dosari ni moja, nayo ni ndogo. Kwenye sauti zote kumi na moja, nyuma ya kutafuna, unasikia mlango wa jikoni unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Watu kumi na mmoja, nyumba kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyetunza mlango wake! Uzembe ulioje! Kesho asubuhi kabla ya mazoezi nitawasimamisha wote mstarini, niwaambie kila mtu akifika kwake atie mafuta bawaba zake.

Wa kwetu nitautia nikipata nafasi.